Warithi wa Michikichi ya Rubea

Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Maana yake haihitaji miwani. Binadamu hufurahia kumchoma mwenzake, akacheka na kupiga makofi, lakini siku ncha ya mkuki ule ule ikigusa ubavu wake, hupiga ukelele na kuuliza ni nani aliyeleta chuma duniani. Watu wa namna hiyo ni wengi kama utitiri. Mmoja wao alikuwa Bakiri, fundi cherehani wa Rosettenville, kusini mwa jiji la Johannesburg, na yaliyompata mwaka wa 2012 yanatosha kuwa ushahidi.

Bakiri alikuwa Mrundi wa Rumonge, mtu wa makamo, mrefu, mwenye sharubu alizozitunza kuliko mashine yake ya kushonea. Wateja walimpenda kwa mkono wake na kumchoka kwa ulimi wake. Ukimpelekea suruali aipunguze, ungerudi nyumbani na suruali yako pamoja na hadithi ya Rubea, babu yake, mwenye shamba wa enzi zile, aliyekuwa na michikichi kutoka ufukwe wa ziwa hadi miguuni mwa milima, na watumwa waliokwea, waliochuma na waliokamua mawese usiku na mchana. Mtu mwingine angelitaja jambo la watumwa akiinamisha macho. Bakiri alilitaja kama anayehesabu ng'ombe wa mahari. Aibu ilimpitia kando.

Shamba hilo lilikuwa limepotea mwaka wa 1972, watu wa Rumonge walipokimbia mauaji na wengine wakaingia katika ardhi yao. Miaka arobaini ikapita. Kisha habari zikaja kwamba tume ya ardhi imelirudisha kwa ukoo wa Rubea, kwa sharti kwamba warithi wenyewe wapatane kwanza nani anastahili na nani hastahili. Waliobaki hai walikuwa watatu tu, na wote, kwa kudra za Mungu, walikuwa Johannesburg. Wa kwanza ni Bi Mashavu, binti wa mwisho wa Rubea, ajuza aliyekwisha kupoteza meno lakini si maneno. Wa pili ni Bakiri. Wa tatu ni Tumu, msusi wa nywele, binamu wa kike wa Bakiri, aliyeishi na Bi Mashavu katika chumba cha uani huko Observatory, mtaa wa jiji hilohilo, akimwogesha, akimlisha na kuvumilia makaripio yake.

Ardhi ile Bakiri aliitaka kwa moyo wote, na tusimwonee, alikuwa na sababu. Mwezi wa Mei mwaka 2008 duka lake la zamani, kule Alexandra, lilichomwa moto na watu waliomwambia arudi kwao. Tangu siku hiyo alilala kwa sikio moja. Alichoka kuwa mgeni. Alitaka kurudi Rumonge, asimame juu ya udongo ambao hakuna mtu angeweza kumwambia si wake. Tatizo lake lilikuwa moja, nalo ni hesabu ya mafungu. Mafungu matatu aliyaona membamba, ila mawili yangemtosha kabisa.

"Tumu hana chake pale," alimwambia Ruphin, kinyozi Mkongomani aliyekuwa na kibanda karibu na duka lake. "Bibi yake alikuwa mjakazi. Alinunuliwa. Mtoto wa mjakazi hawezi kukaa meza moja ya urithi na mjukuu wa mke wa ndoa."

Ruphin aliacha kufuta wembe wake. "Bakiri, ndugu yangu, ile mambo ya kuuliza mutu anatoka wapi, si tuliiona pale Alex? Ulishasahau?"

"Ule ulikuwa ujinga wa wahuni. Hii ni sheria."

"Eish! Hata wale walisema ni sheria yao," Ruphin alijibu, akarudi kwenye wembe wake.

Sikio la kufa halisikii dawa. Bakiri alijua pia kwamba nyumba ya Rubea ilikuwa na mwiko wake. Kila mtoto aliyekulia katika ua ule alimwita mzee yule Baba na kuchukua jina lake, na ilikuwa marufuku mmoja kumuuliza mwenzake alitoka katika mlango upi, yaani alizaliwa na nani. Aliyeuliza alinyimwa nafasi kwenye sinia siku hiyo, hata angekuwa mtoto wa mke mkubwa. Wazee wote walikufa na mwiko huo mdomoni. Bakiri aliuona ni uzembe wa watu waliokosa elimu, akaazimia kuuvunja mchana kweupe.

Jumapili moja Ruphin aliwapakia katika gari lake hadi Observatory, Bakiri akiwa mbele, na nyuma mwalimu wa madrasa aliyeombwa na Bakiri aje kuupima urithi kwa sheria ya dini. Bakiri alikuwa amevaa koti aliloshona mwenyewe. Tumu aliwapokea kwa heshima, akawaandalia chai na maandazi, kisha akaketi chini karibu na miguu ya Bi Mashavu. Alidhani wamekuja kugawana mafungu matatu na kuagana kwa furaha. Maskini, hakujua kwamba ameandaa karamu ya kuchinjwa kwake.

Bakiri hakugusa hata chai. Alisimama, akakohoa.

"Shangazi, shikamoo. Mwalimu, na wewe Ruphin, nyinyi ni mashahidi. Mimi nataka jambo moja tu. Urithi huu ugawiwe kisheria. Mambo ya kuoneana haya yamekwisha. Asiye na haki katika sheria asiguse hata kuti kavu la mchikichi, na asilete machozi hapa. Tumu, usinielewe vibaya, lakini bibi yako Faida alikuwa mtumwa wa babu yangu. Mtoto wa mjakazi ni mtoto wa mjakazi."

Tumu alitazama zulia. Alikuwa amesikia mengi katika jiji hili, kwenye foleni, kwenye teksi, mbele ya maofisa, lakini hakutarajia kuitwa hivyo na mtu aliyemwita kaka.

"Kaka Bakiri," alisema polepole, "umetoka Rosettenville kote huko kuja kuniambia haya mbele ya watu?"

"Ukweli hausemwi gizani."

Bi Mashavu alitikisa kichwa. "Mwanangu Bakiri, kaa chini unywe chai. Katika nyumba ile hatukuulizana. Mafungu ni matatu. Chukua lako uende zako Rumonge, nikuombee dua."

"Hapana, shangazi! Kwanza tukubaliane kwamba ni sheria, na tusome Fatiha, ili kesho asije mtu akageuka."

Mwalimu alimuuliza kama ana hakika, kwa kuwa Fatiha si mchezo, na patano lililofungwa nayo halifunguliwi kwa sababu mmoja amejuta. Bakiri alisema ana hakika mara mia. Basi mikono ikainuliwa. Tumu naye aliinua yake, maana ni nani angekataa sheria ya Mungu mbele ya mwalimu? Sauti ya Bakiri ilizishinda zote. Ruphin, ambaye ni Mkristo, aliinamisha kichwa kwa adabu.

Mwalimu alipomaliza, aligeuka kwa Bi Mashavu. "Mama, huyu Faida alimzalia nani?"

"Alimzalia baba yangu," Bi Mashavu alijibu. "Alikuwa suria wake. Baba wa Tumu alipozaliwa, baba yangu akamtia adhana sikioni, akamchinjia mbuzi wa akika, akasema huyu ni mwanangu."

"Basi hakuna mjadala," mwalimu alisema. "Suria akimzalia bwana wake, na bwana akamkubali mtoto, mtoto huyo ni huru, na anarithi sawasawa na mtoto wa mke wa ndoa. Tumu ni mrithi."

Bakiri alifumba macho akafumbua. Alijiona kama mtu aliyepanda basi la kusini akajikuta anashukia kaskazini. Miaka yote aliamini mlango wa uani hauzai mrithi. Hakuna aliyewahi kumwambia, na yeye hakuwahi kuuliza, kwa kuwa ulimi uliozoea kusimulia haupati nafasi ya kuuliza.

"Haya," alisema, akijikaza kisabuni. "Kama ni mafungu matatu, ni matatu. Tumalize."

"Bado," mwalimu alisema. "Tumefungua kwa Tumu, lazima tufungue kwa wote. Mama, na baba yake Bakiri?"

Bi Mashavu alivuta khanga yake mpaka karibu na macho. Mwalimu alimkumbusha kwamba ushahidi wa haki za watu haufichwi ukiulizwa. Ajuza yule akaanza kulia, na kilio chake kilimtisha Bakiri kuliko neno lolote.

"Ningekufa nalo," alisema. "Nilikwambia ukae unywe chai. Baba yako Athumani nilimpenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja. Lakini hakuzaliwa na baba yangu. Alizaliwa na Mashaka, mtumwa aliyekuwa mkwezi wa michikichi. Mashaka alianguka kutoka juu, akafa, akaacha mke na mtoto anayetambaa. Baba yangu akampa yule mjane uhuru, akamwoa, akamleta nyumba kubwa na mtoto mgongoni. Akasema huyu naye ataniita Baba. Na tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza."

"Mtoto wa kambo," mwalimu alisema kwa sauti ndogo, "hamrithi baba wa kambo."

Bakiri alikaa bila kukusudia. Mawazo yalimjia yakiwa yamechanganyika kama nyuzi zilizochezewa na mtoto. Kama Rubea si babu yake, basi babu yake ni yule mkwezi aliyeanguka mtini. Wale watumwa aliowasimulia wateja wake kwa majivuno, mmoja wao alikuwa wake. Alijaribu kumwona Mashaka, sura yake, mikono yake, akashindwa, kwa sababu katika hadithi zake zote watumwa hawakuwa na sura. Tena alikuwa mtu gani yeye aliyeketi pale? Jina lilikuwa la nani? Alitazama viatu vyake kana kwamba jibu lingekuwa huko.

"Lakini shangazi," hatimaye alisema, "nimelelewa na jina hili. Baba yangu alizikwa nalo. Jamani, sisi ni ndugu! Tuache mambo ya sheria, tugawane kama wazee walivyotaka."

Ruphin alitazama dirishani. Mwalimu alitazama misahafu iliyokuwa kwenye rafu. Hakuna aliyecheka, na bora wangecheka.

Tumu ndiye aliyesema. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti yake ilikuwa imetulia.

"Kaka, kama usingeuliza, sasa hivi ungekuwa na fungu lako. Mimi nisingekuuliza kamwe. Mama yangu mzazi alinijulisha habari hizi nilipokuwa msichana, akaniambia nizimeze, nami nikazimeza."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua. Ulipoinuka pale na koti lako, nilijua."

"Na hukusema!"

"Niseme nikuchome na mimi? Tena Fatiha tumekwisha kuisoma, na wewe ndiye uliyeitaka. Siwezi kuivunja, na sitaki kukudanganya kwamba ningependa kuivunja. Umenitukana katika nyumba yangu. Ukija Rumonge utalala, utakula, mlango sitakufungia. Ila ardhi itabaki ilipoelekezwa na sheria yako."

Bakiri alitaka kukasirika, lakini hasira haikumjia. Kilichomjia ni maumivu, mahali fulani chini ya mbavu, maumivu ya mtu aliyefukuzwa tena, na safari hii hakukuwa na moto wala wahuni wa kulaumu. Kurudi nyumbani kwenyewe kulikuwa kumemtoka mikononi, naye mwenyewe ndiye aliyeisoma Fatiha kwa sauti kubwa kuliko watu wote chumbani.

Alinyanyuka akaenda hadi kwa Bi Mashavu, akaubusu mkono wake uliokunjamana. Ajuza alimshika kichwa asimwachie. Kisha Bakiri akamgeukia binamu yake, akampa neno moja alilokuwa nalo.

"Inauma, Tumu."

"Najua, kaka," Tumu alisema. "Uliponichoma mimi iliuma vivyo hivyo."

Naam, waliosema hawakukosea: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.