Bi Kicheche na Vyuma Kumi vya Vitumbua

Nikiita, mtaitika?

— Tutaitika!

Nikipotea njia, mtanirudisha?

— Tutakurudisha!

Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna, meza kwanza.

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa na soko lao, palikuwa na majirani wawili wauza vitumbua. Mmoja Bi Nguchiro, mwingine Bi Kicheche. Kila mmoja alikuwa na jiko moja na chuma kimoja, kile kikaango chenye mashimo saba. Ila Bi Kicheche alikuwa na shamba la mpunga bondeni. Humo alipata mchele wa vitumbua, na humo watoto wake wanne walipata chakula.

Siku moja vitumbua vya Bi Nguchiro viliiva polepole, na foleni ikawa ndefu. Digidigi akachoka kusubiri, akaondoka na njaa yake, anasonya. Bi Nguchiro akaona vibaya. Akajibana, akajibana, mpaka akanunua chuma cha pili.

Bi Kicheche alipokiona, roho ikamuuma hiyo! Vitumbua vyake vinaungua, hana habari.

"Kwani yeye nani?" akasema. "Kanishinda nini?"

Akaenda kwa Fisi, muuza vyombo. Akamkatia Fisi kipande cha shamba, akarudi na vyuma vitatu. Wateja wakaongezeka? Wapi! Wale wale.

Mvua zikaja. Wateja wa Bi Nguchiro wakawa wanakula wima, wamelowa chapachapa. Akawajengea kibanda cha makuti, akaweka benchi moja.

Bi Kicheche akakosa usingizi. "Kwani yeye nani? Kanishinda nini?" Akampa Fisi kipande cha pili, akajengewa banda lenye mabenchi manane. Saba yakakaliwa na nzi.

Mumewe akamwambia, "Mama watoto, shamba limebaki kipande. Watoto watakula mabenchi?"

"Kumbe na wewe uko upande wake!" akafoka Bi Kicheche. Mume akachukua jembe, akaenda zake. Mimi nisingeondoka.

Mara ya tatu, Bi Tembo anaoza binti yake. Akaja kwa Bi Nguchiro, akataka vitumbua elfu moja.

"Elfu siwezi, dada," akasema Bi Nguchiro. "Nitakupikia mia tatu, vilivyobaki apike jirani yangu. Tugawane."

Bi Kicheche akaruka kutoka bandani. "Tugawane nini? Usinibanie! Bi Tembo, elfu vyote napika mimi, peke yangu!"

Bi Tembo akakubali. Bi Kicheche akakimbia kwa Fisi. Akatoa kipande cha mwisho cha shamba, akapata vyuma saba. Sasa anavyo vingapi?

— Kumi! Na kimoja!

Kimoja kilitoboka, nacho kilikuwa cha zamani. Msinikatize.

Siku ya harusi ikafika. Mchele umesagwa, umechanganywa na tui, umetiwa hamira, umejaa pipa. Kina mama hapa wanajua: unga wa vitumbua hufunikwa ukaachwa mpaka uumuke. Bi Kicheche alijua tangu yuko kwa mama yake. Lakini alichungulia uani kwa jirani, akamwona Bi Nguchiro anawasha jiko.

"Ananiwahi harusini huyo!" akasema. Maskini, mwenzake alikuwa anawapikia wateja wake wa kila siku. Bi Kicheche akafunua pipa, unga umelala tu, akaanza kumimina.

Vitumbua vikatoka bapa, vigumu. Mjomba wa bibi harusi, mzee Kiboko, akang'ata kimoja. Ka! Jino likaanguka sahanini.

"Nimeagiza vitumbua," Bi Tembo akanguruma, "umeniletea kokoto?"

Wageni wakacheka mpaka wakakaa chini. Bi Kicheche akafukuzwa na pipa lake. Tangu siku hiyo hakuna aliyesimama bandani kwake. Na huko bondeni Fisi akavuna mpunga.

Watoto wakalia njaa siku tatu. Siku ya nne Bi Kicheche akameza aibu, akaenda kwa jirani kuomba. Bi Nguchiro akawapakulia watoto wakala. Kisha akauliza, "Jirani, hivi ulitaka vyuma vingapi?"

Bi Kicheche akafikiri sana. "Sijui," akasema. "Sikutaka vyangu viwe vingi. Nilitaka vyako viwe vichache."

Bi Nguchiro akaketi. "Mimi nanunua mchele kila siku ya Mungu," akasema. "Kila nikipita bondeni nikaona shamba lako, wivu ulikuwa unanila. Nilikuwa nasema, laiti lingekuwa langu."

Bi Kicheche akalia, maana shamba lenyewe sasa ni la Fisi.

Basi wajukuu zangu, anayetaka kukua na akue. Lakini akue kwa sababu wateja wake wamemzidi, asikue kwa sababu jirani amemuudhi.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Tamu yake gawaneni, chungu yake niachieni mimi.

— Tumepokea!