Kiti cha Nyuma ya Nguzo

"Nyuma ya nguzo nako ni ukumbini." Mmemsikia muuza tikiti akiwaambia hivyo pale dirishani, nanyi mkabenua midomo, mkaona mtu anatafuta tu pa kuvitupia viti vyake vibovu. Sasa mmekuja kwangu kuniuliza maneno hayo yalitoka wapi. Haya, kaeni. Na wewe Tunu kaa, ingawa umenuna tangu siku ya mahafali yako na mimi sijakuuliza kwa nini. Mchezo wenyewe hauanzi mpaka saa kumi, muda upo.

Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Tanga, katika ukumbi huo huo mlipokuwa mmepanga foleni.

Zamani ukumbi ule ulikuwa ghala la katani. Walioujenga hawakuwafikiria wachezaji wala watazamaji, waliwafikiria marobota na uzito wa paa, ndiyo maana wakasimamisha zile nguzo nene ambazo mtu mmoja hawezi kuzikumbatia. Ghala lilipogeuzwa kuwa ukumbi, nguzo zilibaki, kwa sababu ukiiondoa moja paa linakufuata. Viti vilivyo nyuma yake vikawa vinauzwa kwa bei ya chini kabisa, na hata hivyo vilikuwa havipati watu.

Ngamiani aliishi mjane mmoja, Bi. Mwantumu, mwalimu wa chuo cha Kurani. Alikuwa mwanamke mkali, mwenye sauti ya puani na kikohozi kikavu kilichomtangulia barazani, watoto wakakaa sawa kabla hawajamwona. Mtoto akitafuna aya mdomoni badala ya kuisoma, Bi. Mwantumu alimwinamia na kumwuliza, "Ulimi umeuacha kwenu?" Nusu ya Ngamiani imewahi kuulizwa swali hilo. Mimi mwenyewe nimeulizwa, na mpaka leo nikilikumbuka nanyoosha mgongo.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Riziki. Ilikuwa imekwisha kupangwa kwamba Riziki ataurithi mkeka wa mama yake na wanafunzi wake. Kumbe Riziki jioni alikuwa haendi kushona kwa shoga yake kama alivyoaga, alikuwa anakwenda mazoezini na kikundi cha maigizo. Siku mama alipoyajua hayo alisimama mlangoni, majirani wote wanasikia, akasema, "Wallahi, macho yangu hayatakuona jukwaani!"

Naye mtoto wa nyoka ni nyoka. Riziki hakulia wala hakubembeleza. Alikusanya nguo zake akahamia kwa shangazi yake. Ikapita miezi minane. Walikutana njiani mara mbili. Mtoto akasema shikamoo, mama akasema marahaba, kila mtu akashika njia yake.

Mtaniuliza, je, kiapo hakina kafara? Kinayo, na Bi. Mwantumu ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine: ukikivunja utalisha maskini kumi, na usipoweza utafunga siku tatu. Lakini kafara ina uchungu wake. Anayeitoa anakiri mbele ya Mungu na mbele ya majirani kwamba siku ile mdomo wake ulimponyoka. Njaa ya siku tatu Bi. Mwantumu aliiweza. Kukiri ndiko kulikomshinda.

Basi kikundi kile kikatoa mchezo unaoitwa *Mlango wa Mama*, na mji ukashikwa wazimu. Watu walitoka Muheza, walitoka Pangani. Tikiti zilikwisha kabla ya mchezo kuanza na walanguzi wakaneemeka. Bi. Mwantumu aliyasikia yote hayo akajifanya kiziwi, mpaka asubuhi moja alipopeleka mahindi mashineni.

Wanawake waliokuwa wakisubiri zamu walikuwa wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mmoja alikuwa amesimama katikati, mkono kiunoni, akakohoa kikohozi kikavu na kusema kwa sauti ya puani, "Ulimi umeuacha kwenu?" Wakaangua kicheko tena. Kisha wakamwona Bi. Mwantumu amesimama nyuma yao na ungo wake, na kicheko kikakatika.

"Mmeyatoa wapi maneno hayo?" akauliza.

Yule mwigaji akasema, "Mchezoni, Bi. Mwantumu. Riziki ndiye anayecheza mama. Anakupatia wewe hasa, mpaka kikohozi."

Aliondoka bila kusaga. Njia nzima alihisi kila mlango unamcheka. Mtoto wake wa pekee amemchukulia sauti yake, kikohozi chake na swali lake la miaka thelathini, amekwenda kuviuza mbele ya watu, na watu wanalipa ili wamcheke! Hasira ilimjaa. Ila chini ya hasira ile kulikuwa na jambo jingine lililomtesa zaidi, nalo ni kutojua. Je, kweli mwanangu ananidhihaki? Hakuwa na wa kumwuliza. Aliyetaka kujua ilimbidi aende, na yeye alikwisha kuapa.

Alivumilia siku tatu. Jumamosi ikafika, siku ya maonyesho ya mwisho, maana kesho yake kikundi kilikuwa kinapanda treni kwenda bara, na hakuna aliyejua kitarudi lini. Saa tisa alasiri Bi. Mwantumu aliwaruhusu wanafunzi mapema, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akajitanda baibui mpaka yakabaki macho, akaenda.

Foleni ilikuwa imezunguka ukumbi. Walanguzi walipita pembeni wakinong'ona bei ambayo kwayo ungekula samaki wiki nzima. Bi. Mwantumu aliinamisha kichwa, akiomba asionekane na mzazi wa mwanafunzi yeyote. Foleni ilisogea kama haitaki. Alipokuwa amebakiza watu wanne, ukumbini ngoma ya kwanza ikapigwa, na dirishani kibao cha "Tikiti zimekwisha" kikaanza kuteremshwa. Watu wakaguna, wakatawanyika. Yeye akasukuma, akaushika ukingo wa dirisha.

Aliyekuwa akiuza tikiti ni Mzee Semboja, mtu wa maneno mengi na meno machache.

"Mama, zimekwisha," akasema. "Zimebaki za nyuma ya nguzo, na hizo siwezi kumuuzia mtu mzima kama wewe. Nitaona haya."

"Kwani zina nini?"

"Huoni kitu."

"Kitu gani sioni?"

"Chochote! Jukwaa lote linazibwa na nguzo. Hata pua ya mchezaji huioni. Utasikia tu, kama redio."

Bi. Mwantumu akasogeza uso karibu na dirisha. "Una hakika?"

"Mama, nimekaa hapo mwenyewe."

"Hata nikikaa wima?"

"Hasa ukikaa wima! Labda uiname pembeni ndipo uone."

"Basi nipe hiyo."

Mzee Semboja alisema baadaye kwamba ameuza tikiti miaka mingi, na huyo ndiye mteja wa kwanza aliyemwona akifurahia kiti kibovu. Pesa aliyoitoa ilikuwa ndogo, bei ya kitoweo cha siku moja.

Akaingia, akakaa wima, paji la uso shubiri moja kutoka kwenye nguzo iliyokuwa bado inanukia katani. Macho yangu hayataona, akajiambia. Masikio sikuyaapia.

Kisha akaisikia sauti yake mwenyewe ikitoka jukwaani.

Kilianza kikohozi, na ukumbi mzima ukacheka kabla neno halijasemwa. Halafu ile sauti ya puani. Halafu "Ulimi umeuacha kwenu?" na watu wakapiga miguu sakafuni. Bi. Mwantumu alijikunja ndani ya baibui. Mtu wa kushoto kwake alikuwa anajifuta machozi ya kicheko. Alitaka kuinuka atoke, lakini kutoka kulimaanisha kupita mbele ya mstari mzima wa watu. Akabaki, amezikaza ncha za baibui, anahesabu pumzi zake. Ni kweli, basi. Ananidhihaki.

Lakini alivyozidi kusikiliza, kuna jambo likamgusa. Yule mama wa jukwaani aliamka alfajiri kumchemshia mtoto uji kabla ya kumgombeza. Alimfokea kwa kuchelewa, na huku akamfunika shuka. Watu walicheka, kisha wakawa wanacheka kidogo, kisha wakanyamaza. Mama wa mchezoni alimfukuza mtoto wake. Akakaa peke yake, akawa anapakua sahani mbili kila usiku na kuirudisha moja chunguni. Bi. Mwantumu akashtuka. Hilo la sahani mbili alilifanya kweli miezi yote minane, na hakumwambia mtu. Riziki alilijuaje? Hakulijua. Alimjua mama yake tu.

Sehemu ya mwisho ya mchezo ikafika. Mama amemfuata mtoto hadi alikopanga, amesimama mbele yake, na ukumbi umetulia unasubiri. Maneno ya mtunzi mahali hapo yalikuwa, "Nisamehe, mwanangu," na Riziki alikuwa ameyasema kila onyesho bila taabu.

Siku hiyo alisema, "Ni..." akanyamaza.

Watu wakasubiri. Nyuma ya pazia mtu alimnong'oneza neno lenyewe, hata mstari wa mbele wakalisikia, lakini Riziki hakulichukua. Ukumbini ikaanza minong'ono. "Amesahau." "Masikini, siku ya mwisho!" Mmoja akapiga mluzi, na wengine wawili wakamfuata.

Nyuma ya nguzo Bi. Mwantumu alitega sikio. Hakuona kitu, na kutokuona huko kukawa kubaya kuliko kuona. Mwanangu ameanguka? Analia? Wanamzomea mtoto wangu! Aliuma kitambaa cha baibui asije akatoa sauti. Akijulikana yupo, mji mzima utasema mwalimu amevunja kiapo chake. Mluzi ukapigwa tena. Naye alilijua neno linalotakiwa, si la mtunzi, la kwake, lile ambalo angelisema yeye kama angekuwa pale. Mama wa namna ile hawezi kusema nisamehe. Hajui hata linaanzia wapi.

Miaka thelathini ya ualimu ikamshinda nguvu.

"Ulimi umeuacha kwenu?" sauti ya puani ikapasua ukumbi. "Muulize kama amekula!"

Vichwa vyote vikageuka. Waliodhani ni sehemu ya mchezo wakacheka, kisha kicheko kikafa, maana jukwaani Riziki alikuwa ameinua uso kama mtoto aliyeitwa kwa jina lake.

Akasema, tena kwa sauti yake mwenyewe, ndogo, isiyo ya mchezo, "Umekula, mwanangu?"

Hapo ndipo ukumbi ulipolia. Wanaume walijifanya wanapenga kamasi. Bi. Mwantumu aliishika nguzo kwa mikono miwili.

Mchezo ulipokwisha alitaka kupenya atoke wa kwanza, lakini mlango ulikuwa mmoja na watu ni wengi. Alipofika nje Riziki alikuwa amekwisha kuzunguka kwa nyuma, anakimbia, unga wa ngano aliojitia mvi bado umejaa nywelini. Akasimama hatua mbili mbele ya mama yake. Watu nao wakasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Kila mmoja aliogopa kusema neno litakalorudisha ile siku ya mlangoni.

"Ulikaa wapi, mama?"

"Nyuma ya nguzo," akajibu kwa sauti kubwa, ili kila mtu asikie kwamba kiapo kiko palepale. "Kiti kisichoona kitu. Muulizeni mwenye tikiti."

Riziki angeweza kukasirika. Angeweza kusema: miezi minane nakungoja, na umekuja kujificha? Mimi ningesema, na ninyi mngesema. Alimtazama mama yake aliyejitanda mpaka machoni, kidevu juu, akatabasamu.

"Nyuma ya nguzo nako ni ukumbini, mama."

Bi. Mwantumu alikohoa. Akanyoosha mkono, akaanza kumpangusa unga nywelini kwa ncha ya baibui, kwa nguvu, kama anayesafisha ubao wa chuoni.

"Na wewe," akasema, "umekula?"

"Bado."

"Twende, basi."

Treni ya kesho yake iliondoka na Riziki ndani, lakini safari hii ilikuwa na kapu la mkate wa kumimina na mama kituoni. Maneno yale ya Riziki watu waliyashika papo hapo, yakaenea mji mzima, hata Mzee Semboja akayachukua ya kuuzia viti vyake, na waliomfuata dirishani wanayauzia mpaka leo.

Sasa sikieni mkia wa habari, ambao huko dirishani hawaujui. Wakati huo mimi nilikuwa nimeolewa nyumba ya pili kutoka kwa Bi. Mwantumu. Jumatatu nilimpelekea vitumbua, akasema amefunga. Nikadhani ni sunna ya Jumatatu. Jumanne nikampelekea tena, akasema amefunga, na kesho yake atafunga pia.

"Bi. Mwantumu," nikamwambia, "Jumanne? Kulikoni?"

Alitazama chini, akakohoa. Halafu mwanamke yule ambaye sijawahi kumwona akikiri kosa tangu nimjue, akasema neno moja tu.

"Nilichungulia."

Basi, msidhani methali hii ni ya watu wa tikiti rahisi. Na wewe Tunu, sasa nitakuambia kwa nini umenuna, kwa sababu ninajua. Unasema baba yako hakuja kwenye mahafali yako baada ya ule ugomvi wenu. Mimi nilikuwepo. Nilimwona amesimama nje ya ua wa shule, kwenye jua, amevaa kanzu ya Idi, amevua kofia pale jina lako lilipotajwa. Alisimama mpaka mwisho.

Nenda ukanunue tikiti mbili kabla dirisha halijafungwa, kisha upite nyumbani ukamwite. Ukikuta zimebaki zile mbovu, zichukue, mwanangu. Nyuma ya nguzo nako ni ukumbini.