Taa ya Mwenyekiti Kagwe

Ipo methali isiyowapendeza wenye mazoea ya kuwanyooshea wenzao vidole: ukimulika nyoka, anza miguuni pako. Maana yake ni kwamba kabla hujakosoa jirani, jikosoe mwenyewe. Kagwe wa Ruiru aliijua tangu shuleni. Lakini kuijua ni jambo moja na kuifuata ni jambo jingine.

Mvua ya El Nino ilipokatika, wakazi wa mtaa wake walichoshwa na taa za nje zilizowaka ovyo. Watoto walikosa usingizi, majogoo waliwika saa zisizo zao, na nyota zilikuwa zimesahaulika. Kagwe, mwenyekiti wao, akatangaza sheria: taa ya nje imulike chini, la sivyo iondolewe.

Wa kwanza kubanwa alikuwa Salim, muuza viazi karai karibu na stesheni, ambaye balbu yake ilining'inia uchi. Wateja wake walishuka treni ya jioni. Bila taa asingeuza chochote, na wanawe wangelala njaa.

"Mzee, nimeanza kutengeneza kifuniko. Nipe siku kidogo," Salim alisihi.

"Jumamosi ni mkutano. Taa itatoka, maneno yaishe!" Kagwe alifoka.

Jumamosi ilipofika watu walikutana uani kwa Kagwe, giza likianza kuingia. Juu ya paa lake iliwaka taa kubwa iliyoelekezwa barabarani, eti iwaone wezi. Wageni waliketi wamekinga macho kwa viganja.

"Baba Lynn, na hii yetu?" mkewe, Wakonyo, alimnong'oneza barazani.

"Hiyo ni ya usalama," Kagwe alijibu, akashuka ngazi kifua mbele kwenda kumhukumu Salim.

Taa ile ilimulika mbali, na chini ya baraza kulikuwa giza totoro. Mguu wake ukatua ndani ya beseni la maji ya kuoshea vikombe. "Ngai!" alipiga kelele, akaanguka pwaa! Uani watu walivunjika mbavu kwa kicheko.

Aliyekimbia kumwinua ni Salim. "Pole, Mzee. Umeumia?"

Kagwe alimtazama, aibu ikamjaa hadi masikioni.

"Mwizi angejificha hapo hata wiki nzima, usimwone," Wakonyo alisema.

Kagwe akacheka, kwanza kwa shida, kisha kwa moyo wote. "Salim, kile kifuniko kimefika wapi?"

"Nimekata debe la mafuta, Mzee. Nusu ya pili ipo."

"Basi ilete, tuanze na taa yangu. Yako ukishaifunika, endelea kuuza."

Debe lilipofungwa, mwanga ukashuka ngazini ulikohitajika. Watu wakainua nyuso, wakaziona nyota. Kabla ya wiki kwisha, mtaa mzima ulikuwa umefunika taa bila kusukumwa, na Salim alikuwa akikaanga viazi chini ya debe lake. Tangu hapo Kagwe hashuki ngazi zile bila kutazama chini na kutabasamu: ukimulika nyoka, anza miguuni pako.