Amri ya Kukaa

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, vigoda na amri za mtaa, Bi Siwema, mama mzazi wa Nyati, aliteleza kwenye mawe ya kivuko cha mto. Pu! Hakuvunjika popote. Hata hivyo, mwanawe Nyati, mkuu wa mtaa, alinguruma: "Kuanzia leo, wazee wote wakae!"

Bi Siwema akalia. Ng'ambo ya mto aliishi dada yake, na katika tumbo lao walikuwa wamebaki wawili tu.

Jirani yake Nguchiro, kiumbe asiyemfikia gotini, akamjia mbio.

"Bibi, amri imesema nini hasa? Neno kwa neno."

"Imesema tukae."

"Haya, kaa!"

"Nimekwisha kukaa, mjukuu wangu. Huoni?"

"Ndilo kosa lenyewe! Aliyekwisha kukaa atakaaje? Simama kwanza, ndipo utii."

Mzee Kiboko, aliyekaa hapo uani na wazee wengine, alicheka hadi kigoda kikalia. Wazee wakasimama, magoti kwa! kwa! Wakakaa. Wakasimama tena. Kesho yake Nguchiro akabaini kuwa amri haikutaja kigoda kipi. Akavitawanya vigoda uani, wazee wakawa wanatii kutoka kimoja hadi kingine.

Nyati akatokea, pua zikifuka.

"Nguchiro! Unawafanyisha wazee mazoezi?"

"Mazoezi, mkuu? Mungu apishe mbali! Wanakaa. Mara arobaini kila asubuhi. Nani mwingine anakutii hivyo?"

Nyati akavimba kichwa. "Mara arobaini tu? Wakae sitini!"

Wapo wasimuliao kwamba Bi Siwema alipata nguvu kwa wiki moja. Sikubali: shahidi wao ni Kasuku, ambaye hakuwapo. Kobe, aliyehudhuria kila asubuhi, anataja miezi mitatu, nami naafikiana naye.

Baada ya miezi hiyo, Nyati aliamka asimwone mama yake. Akatimua mbio hadi mtoni. Lo! Bi Siwema alikuwa ng'ambo, amekwisha kuyavuka mawe yote, mkavu kabisa.

"Mama! Si nilisema mkae?"

"Nimekaa, mwanangu! Nakaa kwa dada yangu hadi Ijumaa!"

Nyati akarukia jiwe la kwanza ili amfuate. Mguu ukayumba. Chubwi!

"Pole, baba," mama akamwitia. "Inuka, uende kwa Nguchiro akufundishe kukaa!"

Kisa changu kimekaa hapo, nanyi inukeni, mkijua kwamba mwili wa mzee hutunzwa kwa kutumiwa, si kwa kufungiwa.