Tabia Njema za Jumbe Mwinyikondo

Jumbe Mwinyikondo, mlafi aliyekula hata mahindi ya mayatima, alimwita Chande, mpiga mbiu wa mji, barazani kwake mbele ya watu.

"Kesho tangaza tabia zangu njema zote, mtaa kwa mtaa. Ukimaliza, nitakupa ng'ombe."

"Na nikizua moja usiyo nayo?"

"Nitakunyang'anya nyumba!"

"Unaapa mbele ya watu, Jumbe?"

"Naapa!"

Kesho yake Chande alizunguka mitaa yote akipiga mbiu. Watu walipotoka kusikiliza, alikohoa tu, akasonga mbele. Adhuhuri akarudi barazani, umati ukimfuata.

"Nimemaliza, Jumbe. Naomba ng'ombe wangu."

"Mwongo wewe! Hukutamka hata neno!"

"Kama kuna tabia njema niliyoisahau, waulize hawa."

Jumbe akawageukia watu. Walikuwa wameshaanza kumfungua ng'ombe.