Talaka za Ng'ambo ya Daraja

Nyinyi mnaonisikiliza, mmepata kuona serikali inayotafuta hesabu ilhali jibu imeshalitangaza? Basi hapo zamani, kabla mambo hayo hayajaitwa utafiti, palikuwa na Sultani Tamimu, na mji wake umegawanywa na mto wenye daraja moja. Huku ni Kale, kwa wahafidhina, watu wa mila na kanzu ndefu. Kule ni Usasa, kwa waliberali, watu wa kujadili kila kitu hata chumvi. Sultani mwenyewe alikuwa wa Kale damudamu.

Ikawa siku moja akamwita Mkadara, msomi mwenye digrii mbili na kandambili moja, akamwambia, "Ewe mlalanjaa! Kadhi wa Usasa huvunja ndoa kila kukicha, na kadhi wa Kale anasinzia tu. Nithibitishie kuwa watu wa Usasa ni wahuni, nikupe kazi. Ukishindwa, gerezani."

"Labeka, Maulana. Wataka ushahidi gani?"

"Nataka kuwaona kwa macho yangu wote waliotoa talaka kwa kadhi wa Usasa, kila mmoja amesimama mlangoni kwake!"

"Poa, bosi. Nipe askari tu."

Basi wanaume hao wakakusanywa penye baraza ya kadhi wa Usasa, naye Sultani akaketi darajani apate kuona vizuri. Mkadara akapaza sauti, "Amri ya Maulana: kila mtu mlangoni kwake. Yalla!"

Lahaula! Umati ukageuka, ukamiminika darajani kuelekea Kale, hata kiti cha Sultani kikayumba.

"We! Hao waenda wapi?"

"Kwao, Maulana. Si ndivyo ulivyoamuru?"

Sultani akamkamata mzee mmoja kanzu. "Nawe, mtu wa Kale, ulifuata nini kule?"

"Nisamehe, Maulana. Kwetu Kale mwenye kuacha mke hupandishwa punda, uso kwenye mkia, akazungushwa sokoni huku mama mkwe yuko nyuma anapiga debe. Kule Usasa kahawa haijapoa, mambo kwisha."

Mara akapita Waziri, amejitanda shuka usoni.

"Hata wewe, Waziri?"

"Maulana, wanishangaa nini? Siku ile si wewe uliyenitangulia kwenye foleni?"

Mkadara akainama kwa adabu, akasema, "Maulana, tafadhali simama. Mlango wako ni ule mkubwa."

Sultani akacheka hata kilemba kikaangukia mtoni, akampa Mkadara kazi papo hapo, bila kumwuliza uzoefu wa miaka mitano.

Nanyi mnaotutangazia kila msimu wa kura kwamba upande fulani ndio wenye talaka, wezi na walevi: acheni kuhesabu mlangoni kwa kadhi, wafuateni watu mpaka makwao. Na kazi hiyo ya kuhesabu mtupe sisi tulioisomea, si mashemeji zenu!