Mtama wa Mama Mnana

Masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo!
Yote mawili?
Yote mawili!
Basi yategeni.

Hapo zamani za kale Simba alitaka nyumba. Akampa Kiboko kazi yote. Kiboko hakujua kuezeka hata kidogo, basi akamwendea Mama Mnana, ndege fundi wa kufuma. "Niezekee paa, mama. Likiisha, vikapu vitatu vya mtama."

Mama Mnana akafuma, akafuma, akafuma. Siku ya kumi paa likaisha. Chakula nyumbani nacho kikaisha, makinda wakalia.

Akaenda kwa Kiboko. "Bwana Kiboko, mtama wangu."
"Simba hajaniruhusu. Nenda kwa Simba."

Akaenda kwa Simba. "Mzee Simba, mtama wangu."
"Naambiwa Nyani, mkaguzi wangu, hajakagua paa. Nenda kwa Nyani."

Akaenda kwa Nyani. "Kaka Nyani, mtama wangu."
"Mimi nangoja Kiboko aniite. Nenda kwa Kiboko."

Akazunguka mara ya pili. Akazunguka mara ya tatu, hata akamwamkia Nyani, "Shikamoo Mzee Simba!" Akajiuliza, "Au sikuezeka? Au niliota?"

Akarudi kulitazama paa. Mvua inanyesha, na Simba amelala chini yake, mkavu, anakoroma.

"Mzee, amka! Paa halijakaguliwa, nawe umelala humo? Sielewi! Waite wenzako, mseme mbele yangu."

Wakaja. Nyani akasema, "Kiboko hajaniita." Simba akasema, "Kiboko aliniambia wewe ndiye unayechelewa!" Wote wakamgeukia Kiboko.

"Vikapu kumi vya mtama nilivyokupa siku ya kwanza uwalipe mafundi viko wapi?" akanguruma Simba.

Kiboko akatazama chini. "Nimevitumia kuanzia nyumba ya Fisi, mzee."

"Mlipe sasa hivi, kwa mtama wa ghala lako."

Kiboko akalipa vikapu vitatu, havikupungua hata punje. Mama Mnana akaruka navyo mbio. Alipofika, kinda mdogo alikuwa ameshakufa kwa njaa.

Tangu siku hiyo hagusi unyasi wa mtu kabla ya kupewa nusu ya malipo mkononi. Wakimwita mkorofi, anawaacha waite.

Basi, enyi mnaojenga, fundi mdogo mlipeni haki yake siku kazi inapoisha. Ngano nimeitua hapa, mwenye kuitaka aibebe. Nami uji wangu naunywa leo, asinitume mtu kwa jirani!